Cheni Tuliyoipima kwa Uzi

Mama yangu alibakiwa na safari moja tu maishani mwake, nayo aliifanya kila Ijumaa: kutoka kwetu Chundwa hadi Faza, kumtazama dada yake. Safari nyingine zote alizifuta tangu nyonga yake ivunjike. Lamu hakwenda tena. Harusi alisimuliwa, na hata msiba wa nyumba ya jirani alitoa pole kwa kupitia dirishani. Lakini Ijumaa baada ya sala tulimlaza nyuma ya pikapu ya kaka yangu, juu ya godoro, mito huku na huku, nami nikaketi kando nimemshika bega, tukaondoka.

Pikapu yenyewe ni kuukuu. Ilivushwa kutoka Mokowe, ng'ambo ya bahari, juu ya mbao zilizofungwa kukingama mashua mbili, na walioiona siku hiyo wanasema nusu ya watu waliokuwa ufukweni walikuja kushuhudia ikizama. Haikuzama. Ikapewa kazi ya kupokea mizigo bandarini Mtangawanda, saruji, unga na mabati, na kurudisha nazi na ufuta, na imeifanya kazi hiyo bila ya kulalamika isipokuwa kwa mlio mmoja. Ulitoka mbele, penye injini, kra-kra-kra, kama mtu anayetikisa misumari ndani ya kopo. Mama alikuwa akisema ule mlio humng'oa meno aliyobakisha.

Mama mkubwa, huyo dada yake wa Faza, amemtangulia mama kwa mimba mbili. Masikio yake yamekufa. Ukitaka kumwambia jambo sharti umguse bega, umwinamie, upige ukelele karibu na sikio la kulia, naye atashika robo ya maneno na robo tatu atazitunga mwenyewe. Simu haimfai. Macho nayo yameingia utandu. Pamoja na hayo yote, kila Ijumaa tulipokata kona ya mwisho tulimkuta ameshasimama mlangoni, mkono kwenye mwimo, anatungoja.

Hilo lilinisumbua miaka. Alijuaje? Kuna siku tulifika mapema, kuna siku tulinasa kwenye mchanga tukafika alasiri imeshaingia, na daima alikuwa pale. Nilimuuliza mama.

"Roho yake humwambia," alijibu.

Nilimuuliza kaka, akasema bibi huyo ana saa ukutani. Saa ile naijua, imesimama tangu nikiwa msichana. Mimi nimezaliwa na ugonjwa wa kuuliza. Utotoni niliifungua redio ya baba nimtafute msomaji wa habari anakaa wapi, na kofi nililopigwa halikunitibu. Kwa hiyo jibu la roho nililipokea kwa adabu, nikaliweka kando, nikabaki na swali langu.

Kisha kaka akaona unga wa chuma kwenye mafuta ya injini. Aliniita, kama aniitavyo kila akitaka shahidi, si msaidizi. Alikuwa amefungua boneti, akaondoa kifuniko cha mbele, na pale ndani nikaona kitu ambacho sikukitarajia: gurudumu dogo la meno chini, gurudumu kubwa la meno juu, na cheni imeyazunguka yote mawili, nyeusi, inang'aa mafuta.

"Hii ndiyo cheni ya taimingi," akasema. "Ndiyo iwaambiayo wa tini na wa yuu wende pamoya. Pistoni ikipanda, valvu ifunge. Ikiruka jino moya tu, zitagongana humo ndani, na injini imekwenda na maji."

"Na mlio?"

Akaisukuma cheni kwa kidole. Ilicheza. Vipande vya plastiki vilivyopaswa kuishika isiyumbe vilikuwa vimelika, na kifuniko cha chuma kilikuwa na mfereji uliochimbwa na cheni kwa kukipiga na kukipiga. Nilitia kidole kwenye mfereji ule. Miaka yote nimekaa nyuma nikiitukana kelele ile, na kumbe ndani yake mlikuwa na kazi nzuri namna hii, magurudumu mawili yanayongojana. Nilifurahi kama mtoto, nikaona haya kidogo kufurahi, kwa kuwa mama alikuwa anatusikiliza kutoka ukumbini.

"Ijumaa itakuwa tayari?" akauliza.

"Inshallah," kaka akajibu, na mimi nikakasirika hapo hapo. Naijua inshallah ya mja na naijua inshallah ya fundi.

Sasa lazima nieleze jinsi kaka anavyopima vitu, maana ndipo tulipopotelea. Ufundi wake ameupata kwenye vyombo vya baharini. Huko futi ya chuma haina heshima. Seremala akitaka ubao au mshona tanga akitaka kitambaa, huchukua uzi, akaunyoosha pale panapohusika, akapiga fundo, akauweka mfukoni. Fundo halisahau na halijui kusoma, kwa hiyo halikosei. Kaka aliikataa katakata fikira ya kuitoa cheni nje, akihofu kupoteza alama za meno. Akachukua uzi wa kushonea nyavu, akauzungusha juu ya cheni pale pale ilipo, akapiga fundo, akanipa.

"Wewe enda," akasema. "Mimi huzungumzwa nikanunua nisichokitaka. Wewe hakuna akuwezaye kwa maneno."

Ilikuwa sifa, nami niliipokea kama sifa.

Mokowe kuna duka la vipuri la bwana mmoja wa bara, mtu mnene, mchangamfu, aliyefika zamani kwa kazi ya barabara akasahau kurudi kwao. Nilimweleza injini ilivyo. Akapanda ngazi, akashuka na boksi, akaifungua cheni mbele yangu.

"Hii ndiyo yako, sista."

Nikatoa uzi. Nikaulaza juu ya meza, nikailaza cheni kando yake. Cheni ilipungua, upana wa kidole hivi.

"Ni fupi," nikasema.

"Si fupi. Hiyo ni kamba ya nini?"

"Ni kipimo."

"Sista, hizi nimeuza tangu nikuje huku. Si ungeleta tu ile ya zamani tuione?"

"Bwana, ya zamani imo ndani ya gari, na gari limo Chundwa. Mimi nimekuja na kipimo chake. Nitafutie inayolingana na kipimo."

Akaniangalia, akauangalia uzi, akacheka mpaka tumbo likatikisika. Lakini nilimshika kwa maneno kama kaka alivyotabiri. Nilimuuliza kama nguo ya mwanawe huwa anaikisia kwa macho. Nilimuuliza kama akipimiwa sukari pungufu hushukuru. Mwisho akainua mikono, akapanda tena ngazi, akaleta cheni ya injini nyingine inayofanana na ile yetu, ndefu zaidi kidogo. Nikaipima. Ilikaa na fundo karibu sawasawa, ikizidi kwa unyoya.

"Hii," nikasema kwa ushindi.

"Sawa," akasema. "Mteja ni mfalme. Lakini hiyo nyingine sitaiuza. Naiweka hapo juu."

Nilirudi nimebeba ile cheni mapajani, natabasamu peke yangu kwenye boti.

Haikukaa. Kaka aliitoa ya zamani kwa hofu, akaivalisha mpya kwenye magurudumu, akakibana chuma cha kuikaza mpaka mwisho wake, na cheni ikaning'inia upande mmoja kama kamba ya kuanikia nguo. Akaivua. Akaupima uzi. Akaivalisha tena. Fundo lilikuwa pale pale.

"Uzi ni uzi," kaka akasema.

"Na cheni ni cheni," nikamjibu kwa ukali.

Akairudisha ya zamani mahali pake, alama zisipotee, na Ijumaa ikapita. Ikapita nyingine. Tulimjaribu mama kwenye tuktuk ya kijana wa jirani, akarushwa kwenye shimo la kwanza akapiga yowe, tukamteremsha kabla hatujazimaliza nyumba za kwetu. Pikipiki hapandi, punda anasema alimuaga zamani. Kwa mashua ni kushuka kwenye maji na matope, na mguu haukubali. Tukatuma salamu Faza kwa kila aliyekwenda. Tukapiga simu ile ya kuonana, mjukuu wa kule akamshikia mama mkubwa simu usoni, naye akaitazama kwa macho yale yenye utandu, akasema anaona kivuli. Tukatuma picha. Mama aliuliza dada yake amesema nini juu ya picha, na mjukuu akajibu kwamba hakusema kitu.

Mama hakulalamika, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliacha tu kuuliza habari za gari. Mchana alilala zaidi. Aliniambia siku moja, akiwa ameuelekea ukuta, kwamba wazee wawili wakiachana namna hii huwa hawaonani tena. Nilitoka nje nikalia, kisha nikaenda kuikodolea macho injini ile, nikiichukia.

Ilikuwa baada ya adhuhuri siku nyingine mama aliponiita nimkazie kitanda. Analalia kitanda cha kamba za usumba, hataki kingine, na kilikuwa kimelegea katikati hata akilala anazama. Nilianza kukaza kuanzia mchagoni, navuta mstari baada ya mstari kwa nguvu zangu zote, naisukuma ile ziada mbele yangu mpaka miguuni. Nilipofika mwisho nilikuwa na kipande cha kamba mkononi, kirefu kama mkono wangu, ambacho hakikuwa na pa kwenda.

"Mama, hii imetoka wapi?"

"Imetoka kitandani."

"Lakini kilipowambwa ilitosha sawasawa. Nilikuwapo. Hakuna aliyeongeza kamba."

"Imelaliwa, mwanangu," mama akasema. "Kilaliwacho hurefuka."

Alilisema kwa kuchoka, kama mtu anayemweleza mtoto kwamba maji ni majimaji. Mimi nikabaki na kile kipande mkononi. Kisha nikakitupa, nikatoka mbio hata kiatu kimoja kikabaki ukumbini.

Kaka alikataa kuitoa cheni mara ya pili, kwa sababu ile ile ya alama. Nikaenda kuchukua rangi ya kucha ya mkewe, nikatia tone jekundu kwenye jino la juu, tone kwenye jino la chini, na tone kwenye kila pingili ya cheni inayoyagusa, ili asiwe na kisingizio. Akaitoa. Tuliilaza juu ya jamvi. Nilizisukuma pingili zote zikaribiane, nikaweka kijiti mwisho wake. Kisha nikaivuta. Mwisho ukakipita kijiti, upana wa kidole. Ule ule upana wa kidole! Kila kipini kimejilia tundu lake kidogo, kidogo ambacho jicho halikioni, na vidogo vyote vikajumlishwa. Nikaiinua kwa ubavu, mkono mmoja tu, na badala ya kusimama ikainama kama mtu mwenye usingizi. Ile mpya nilipoiinua hivyo ilisimama imara. Tukahesabu pingili. Ile niliyoipigania Mokowe ilikuwa na mbili za ziada.

"Basi tulipima uchakavu," kaka akasema, amekaa kitako. "Tukaenda kuununua."

Hatukulaumiana. Tulicheka, na mama kutoka ndani akauliza kuna nini, nami nikamwambia kitanda chake kimetengeneza gari.

Safari hii nilikwenda Mokowe na cheni kuukuu yenyewe ndani ya pakacha. Yule bwana aliponiona alianza kupanda ngazi kabla sijasalimu.

"Yako iko hapa, sista. Nani mwingine ana injini kama hiyo?"

Nilimwonyesha jinsi ile ya zamani inavyoinama. Akaiinua mwenyewe, akatikisa kichwa, akasema hiyo imefanya kazi mpaka imechoka kabisa. Ndipo akaniwekea uamuzi mwingine mezani, ambao sikuujua. Cheni ni ile moja, lakini vile vipande vya kuishika visiiachie kuyumba viko vya namna mbili. Viko vya chuma, na viko vya chuma vilivyovikwa mpira mgumu.

"Hizi za chuma tupu zinakaa sana. Lakini gari italia kidogo, si unajua, chuma kwa chuma. Hizi zingine ziko kimya. Zinaweza kuisha mapema, lakini kimya kabisa."

Nilivuta cheni juu ya kila kimoja, nimeinamisha sikio. Juu ya chuma ilinong'ona kra-kra ile ile niliyoijua, ingawa ndogo. Juu ya mpira ilipita bila ya neno. Nilifanya hivyo mara nyingi hata yule bwana akaenda kumhudumia mtu mwingine. Nilimfikiria mama juu ya godoro, meno yake, kichwa chake karibu na kelele ile. Nikachagua kimya.

Kaka alifanya kazi siku nzima akifuata matone yangu mekundu. Alipowasha, nilidhani haikuwaka. Ilibidi niweke kiganja juu ya boneti ndipo nihakikishe. Majirani walitoka kuja kutazama gari lisilolia, na kaka akazunguka nalo mara mbili bila ya sababu yoyote.

Ijumaa tulimlaza mama kwenye godoro lake. Sijawahi kuiona ile njia vile. Tuliweza kuzungumza. Mama alisema jambo kwa sauti yake ya kawaida nami nikalisikia, akacheka kwa mshangao.

"Kumbe ndia hii ina ndege," akasema, na akanyamaza kuwasikiliza mpaka tulipoanza kuziona nyumba za Faza. Nilijiona nimefanya kazi njema. Nilijiona mtu mwenye akili.

Tukakata kona ya mwisho. Mlangoni hapakuwa na mtu.

Mama alikuwa ameinua kichwa mapema, kama desturi yake. Aliutazama ule mwimo mtupu, akaukamata mkono wangu, na kucha zake zikaniingia. Midomo yake ilianza, "Inna lillahi," na nikamwambia, "Mama, ngoja," na nikaruka chini na gari halijasimama.

Mama mkubwa alikuwa ameketi ukumbini juu ya jamvi, anachagua mchele kwa vidole kwa kuwa macho hayamsaidii. Alikuwa mzima. Nikampigia mama ukelele kwamba yuko, yuko hai, na kaka akaingia amembeba mama mikononi, akamweka jamvini mbele ya dada yake.

Mama mkubwa aliinua uso. Aliuweka ungo chini taratibu. Akanyoosha mikono yote miwili, akamshika mama mashavu, pua, paji la uso, kama mtu anayepapasa gizani, na unga wa mchele ukambaki mama usoni.

"U hai?" akauliza.

"Ni hai!" mama akapiga ukelele sikioni.

"Wamenambia u hai, nisiwaamini. Ijumaa zote hizo nimeketi hapa nikisikiza. Gari halikulia. Nikanena, dadangu amekufa, watoto wananifita."

"Tulikuletea salamu!"

"Hata maiti huletewa salamu, mzee asivundike moyo. Mimi mwenyewe nimewapelekea watu salamu za maiti."

"Na picha?"

"Picha haifi."

Kisha akanigeukia mimi, amekunja uso. "Na yeo mumekuya na nini? Kwa maguu? Mbona sikuwasikia?"

Akajipiga kiganja kifuani, mara tatu, kra-kra-kra kwa mkono. Hapo ndipo mlio wa gari ulipokuwa ukimfikia. Katika sauti zote za dunia, adhana, mvua, jina lake mwenyewe, ilikuwa imebaki ile moja tu yenye nguvu ya kuingia, na kwa sauti hiyo alikuwa akijua kila wiki kwamba dada yake yuko hai na yuko njiani. Roho haikumwambia kitu. Ni ile cheni. Nami nilisimama Mokowe nimeinamisha sikio langu zima, nikaizima kwa hiari yangu.

Swali langu la miaka mingi likawa limejibiwa, na nilitamani lisijibiwe. Nilikwenda uani nikajifanya nachota maji.

Tulirudi nyumbani. Kaka akauliza ile cheni kuukuu iko wapi. Nilikuwa nayo bado, ndani ya pakacha, kwa sababu situpi kitu nilichokielewa kwa taabu. Akatafuta debe la mafuta ya kupikia, akalitoboa, akalifunga waya.

Sasa kila Ijumaa kabla ya kona ya mwisho kaka husimama, nami huitia ile cheni kwenye debe, nikalishika nje ya ubavu wa gari kwa mikono miwili. Watu wa Faza wameshatuona na wamesema waliyoyasema. Wiki ya kwanza sikuwa na hakika kama litatosha, nikawa natikisa kwa haya, macho chini. Mama akanipiga gotini kutoka kwenye godoro lake.

"Tikisa, mwanangu," akasema. "Tikisa kwa nguvu, asije akanizika tena."

Nikatikisa. Tukakata kona, na mkono ulikuwa kwenye mwimo.